Nani Anaosha Vyombo Ndani ya Chombo cha Angani?

Chukua hadithi yoyote ya kisayansi, sai-fai kama tunavyoziita mtaani, uisome ukiwa na swali moja tu kichwani: nani anaosha vyombo? Chombo cha angani kina abiria na wafanyakazi mia tatu. Wanakula mara tatu kwa siku. Kapteni anatoa amri, mhandisi anatengeneza injini, daktari anachunguza kiumbe mwenye macho sita. Sasa, sahani za watu hao mia tatu zinaenda wapi? Mara nyingi utaambiwa mashine inafanya. Haya. Na mashine yenyewe nani aliiunda? Nani alichimba madini yake? Nani aliifundisha kutofautisha kijiko na kidole cha mtoto? Hapo waandishi wengi hunyamaza, na kapteni anaendelea kutazama nyota.

Niseme mapema kwamba mimi ni shabiki, siulizi ili kuharibu karamu. Nauliza kwa sababu nasomea Nairobi, mji ambao karibu kila mtu anajua kijana mmoja anayekesha mbele ya laptopu akifunza mashine ya mtu mwingine. Anachora mistari kuzunguka magari kwenye picha, ili gari fulani lijiendeshe kwenye mji ambao yeye hatawahi kuuona. Anasoma aya mbili zilizoandikwa na kompyuta na kusema ipi ina afadhali. Serikali imetupigia debe kazi za mtandaoni kwa miaka, ikauita mpango huo Ajira. Kwa hivyo hadithi za kesho hatuzisomi kama wageni waliokaa sebuleni. Sisi tuko jikoni. Nataka kujua kama waandishi wanatuona huko.

Miezi hii nimesoma vitabu vitano nikivipishanisha, cha kubuni kisha cha mambo halisi, na vyote nimevipima kwa swali hilo la vyombo.

*

Nilianza na Ted Chiang, Mmarekani ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandika maelezo ya kitaalamu ya programu za kompyuta, na ambaye hadithi zake ni chache na hutoka polepole. Novela yake *The Lifecycle of Software Objects* ilichapishwa 2010, ikashinda tuzo ya Hugo mwaka uliofuata, na sasa imo kwenye mkusanyiko wake *Exhalation* wa 2019. Ana Alvarado, ambaye zamani alikuwa akitunza wanyama kwenye bustani ya wanyama, anaajiriwa na kampuni iitwayo Blue Gamma kulea viumbe wa kidijitali. Viumbe hao wanaishi ndani ya ulimwengu wa kompyuta. Wanajifunza kuongea, wanauliza maswali yasiyoisha, wananuna. Kampuni inawauza kama wanyama wa kufuga nyumbani. Wateja wanafurahia kwa muda, kisha wanachoka, na mwishowe kampuni inafunga milango. Ana anabaki na Jax, kiumbe aliyemlea, pamoja na kikundi kidogo cha watu waliokataa kuzima wa kwao.

Ukingoja roboti waasi, utangoja sana. Janga kubwa la hadithi hii ni kwamba jukwaa wanamoishi viumbe hao limepitwa na wakati. Watu wamehamia jukwaa lingine, na kuwahamisha akina Jax kunahitaji wataalamu wa programu, na wataalamu wanahitaji pesa. Basi hadithi inageuka kuwa harambee: mikutano, bajeti, barua kwa kampuni ambazo hazijibu, na watu wazima wanaogombana kuhusu nani ametoa ngapi. Yeyote aliyewahi kuchangisha karo ya binamu kwenye kundi la WhatsApp ataelewa kila ukurasa.

Chini ya harambee hiyo kuna hoja moja nzito. Chiang anasema akili haizuki usiku mmoja kama radi, inalelewa. Ukitaka kiumbe mwenye busara ya miaka ishirini, itabidi mtu akae naye miaka ishirini, amrudie, amkemee, amsamehe, akose usingizi kwa ajili yake. Njia ya mkato hakuna. Katika sai-fai nyingi mashine inaamka yenyewe na jambo la kwanza inalofanya ni kutaka kutuua. Kwa Chiang, kabla ya mashine kuwa na akili, mtu fulani alifanya kazi, na kazi hiyo ni ile ile ya mama, ya yaya, ya mwalimu wa chekechea. Hajawahi kutokea mwandishi wa sai-fai aliyeuchukulia ulezi kwa uzito kama huu, kwa maoni yangu.

Lakini angalia ni kazi ya aina gani. Ana anampenda Jax. Mshahara ukikatika anaendelea, akitumia pesa zake na jioni zake, mpaka maisha yake na mpenzi wake yanaanza kuyumba. Mapenzi ndiyo yanayoipa kazi hiyo heshima. Sasa vipi kuhusu mtu anayelea mashine bila kuipenda, bila hata kuambiwa jina lake, kwa sababu kodi ya nyumba inaisha tarehe tano? Mtu huyo hayumo kwa Chiang. Ilibidi nimtafute kwenye rafu nyingine.

*

Karen Hao ni mwanahabari wa Marekani, na kitabu chake *Empire of AI* kilitoka Mei 2025. Wasomaji wengi walikikimbilia kwa sababu ya umbea: jinsi Sam Altman alivyofukuzwa OpenAI Novemba 2023 na kurudi kitini siku chache baadaye. Umbea umo, na ni mtamu kweli. Ila kurasa zilizonikaa ni zile ambazo Hao anatoka kwenye ofisi za California na kufuata waya hadi upande wa pili: Chile, Colombia, na hapa kwetu.

Msingi wa habari ya Kenya ulishawekwa wazi na jarida la *Time* Januari 2023. OpenAI ilikuwa imeipa kandarasi kampuni ya Sama, na wafanyakazi wake Nairobi wakapewa kazi ya kusoma maandishi ya ukatili, ubakaji na unyanyasaji wa watoto, na kuyapanga kwa makundi, ili mashine ijifunze kuyatambua na kuyakwepa. Kandarasi ilitaja dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alienda nyumbani na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, kutegemea cheo chake. Sitaongeza neno hapo, hesabu inajisomea yenyewe.

Hao anaongeza kitu ambacho gazeti halina nafasi nacho: nyumba. Anamfuata mfanyakazi mmoja hadi sebuleni kwake, anaonyesha jinsi mtu anavyosoma mambo yale mchana kutwa kisha akashindwa kumweleza mkewe kwa nini amebadilika, na jinsi ndoa inavyovunjika kimyakimya. Halafu kuna ndugu yake, ambaye alikuwa akijipatia riziki kwa kuandikia wateja wa mtandaoni. ChatGPT ilipotoka, kazi za ndugu huyo zikaanza kukauka. Yaani chini ya paa la ukoo mmoja, kaka mmoja aliisafisha mashine, na mwingine mashine hiyo hiyo ikamnyang'anya ugali. Mwandishi wa riwaya angeweka jambo hilo kwenye hadithi yake, mhariri angemwambia apunguze chumvi.

Kuna kipengele kingine kilichonirudisha moja kwa moja kwa Chiang. Machi 2024, jukwaa la Remotasks, lililokuwa likiwapa Wakenya wengi vibarua vya kufunza akili mnemba, lilifunga shughuli zake nchini. Wasee walijaribu kuingia kwenye akaunti zao, wakakuta hakuna kazi. Kwenye novela, jukwaa likifungwa, tunamlilia Jax aliyebaki peke yake kwenye ulimwengu mtupu. Huku kwetu waliobaki kwenye ulimwengu mtupu walikuwa ni walezi. Chiang aliona mbali sana kuhusu majukwaa kufa, miaka kumi na minne kabla. Alichokosa kuona ni nani angeumia zaidi.

Nina kipingamizi kimoja kwa Hao. Taswira yake kuu ni himaya: kampuni za akili mnemba zinajiendesha kama wakoloni wa zamani, zinachukua ardhi, maji, maandishi na jasho, kisha zinahubiri kwamba zinaleta ustaarabu. Taswira hiyo ina nguvu, na sisi wa pande hizi hatuhitaji kufunzwa maana yake. Hatari yake ni kwamba himaya ndiyo inabaki kuwa mhusika mkuu. Inatenda, wengine wanatendwa. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 waliowahi kuchuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikasema kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa hapa hapa. Watu hao hawakungoja himaya ianguke ndipo waanze kuwa wahusika. Kitabu cha mambo halisi kinanionyesha jeraha vizuri kuliko riwaya yoyote, lakini nikifunga kurasa zake natamani kujua huyo mtu anataka nini maishani, anacheka nini, angejenga dunia gani akipewa nafasi. Kwa maswali hayo nilirudi kwenye kubuni.

*

Ursula K. Le Guin aliliuliza swali la vyombo zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na akalijibu bila kuzunguka. Riwaya yake *The Dispossessed*, ya 1974, ilibeba tuzo za Hugo na Nebula. Kuna dunia mbili zinazotazamana angani. Urras ina maji, misitu, matajiri na maskini. Anarres ni kavu kama Turkana wakati wa kiangazi, na huko ndiko wafuasi wa mwanamapinduzi aitwaye Odo walihamia vizazi kadhaa vilivyopita wakaanzisha jamii isiyo na serikali, isiyo na pesa, isiyo na mali ya mtu binafsi. Shevek, mwanafizikia wa Anarres, anaamua kusafiri hadi Urras.

Anarres vyombo vinaoshwa kwa zamu. Kila siku ya kumi unaacha fizikia yako na kushika ufagio pamoja na wenzako, uwe nani uwe nani. Shevek amekua akijua hivyo, kwa hivyo anapofika Urras macho yake yanaona kitu ambacho wenyeji hawakioni tena. Anapelekwa kwenye barabara ya maduka ya kifahari, bidhaa zimejaa hadi zinamtia kichefuchefu, na kinachomshangaza zaidi ni kwamba hakuna hata kimoja kinachotengenezwa pale. Kila kitu kinauzwa tu. Mafundi wako wapi? Washonaji wako wapi? Wamewekwa mahali pengine, nyuma ya ukuta. Nenda kwenye jumba lolote kubwa la maduka Nairobi Jumamosi ukiwa umetoka kusoma sura hiyo. Utatoka haraka.

Ninachompendea Le Guin ni kwamba hajipendelei. Jamii yake bora ina kutu. Ukame unapoingia Anarres, watu wanatumwa kufanya kazi mbali mbali, na Shevek anatenganishwa na Takver, mama wa mtoto wao, kwa miaka minne. Kazi moja anayopewa ni kuandika orodha za mgao wa chakula, yaani kuamua kwa kalamu ni nani atalala njaa kuliko mwenzake. Anaiacha, akijua kuwa mtu mwingine wa kuandika orodha atapatikana. Hapo Le Guin amegusa jambo ambalo Hao analithibitisha miongo mitano baadaye: kazi chafu kuliko zote si lazima iwe ya choo au ya mgodi. Inaweza kuwa ya kukaa kitini, kusoma, na kutia alama kwenye kisanduku.

Mapungufu yako wapi? Maskini wa Urras. Shevek ana mtumishi aitwaye Efor, na kwa kurasa chache Efor anafungua mdomo, anasimulia hospitali, njaa na kifo, na ghafla riwaya inapumua hewa nyingine kabisa. Kisha anarudi kwenye kivuli, na hadithi inarudi kwa wanafizikia. Baadaye kuna maandamano makubwa mjini Nio Esseia, helikopta za jeshi zinafyatulia umati risasi, na Shevek anajificha kwenye chumba cha chini ya jengo pamoja na majeruhi ambaye hata jina lake hatupewi. Ukiisoma sehemu hiyo ukiwa Mkenya, baada ya Juni 2024, utakiweka kitabu chini kidogo. Na ukikiinua tena utajiuliza hadithi ingekuwaje kama huyo majeruhi ndiye angekuwa anasimulia.

*

Kitabu cha nne nilikisoma nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni ya mwandishi. *Cobalt Red* cha Siddharth Kara, cha 2023, kinahusu migodi ya kobalti kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kobalti iko kwenye betri za simu, laptopu na magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Kara anatembea kutoka mgodi hadi mgodi akionyesha wachimbaji wadogo, watoto wakiwemo, wanaochimba kwa sururu na mikono mitupu. Anafika Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi ambako watu waligundua kwamba madini yako chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba mashimo sebuleni. Ukisoma hayo, lile neno "wingu" tunalotumia kwa data linakuwa kama mzaha. Wingu lina mizizi, na mizizi imeshuka hadi chini ya kitanda cha mtu.

Kwa swali la vyombo, Kara anapata alama nyingi, kwa sababu anashuka hadi mwisho wa mnyororo. Tatizo ni namna anavyowaangalia anaowakuta huko. Watafiti kadhaa wanaoijua Kongo walikikosoa kitabu hadharani kwa kurudia picha za kikoloni za nchi iliyo giza tupu, na ukisoma utaona walichokuwa wakisema. Watu wanatokea kwenye ukurasa wakiwa na vumbi, wanatoa ushuhuda wa maumivu, wanaondoka. Anayefuata anakuja na vumbi lake. Baada ya sura kadhaa, nyuso zinaanza kufanana, na hilo si kosa la nyuso.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuliruka. Lugha ya mtaani Kolwezi ni Kiswahili. Si hiki chetu cha Nairobi, wala kile cha Unguja, lakini ni Kiswahili, na ukiketi na mchimbaji mnaweza kupiga stori bila mkalimani. Kara alihitaji wakalimani. Maneno ya mchimbaji yalitoka kinywani kwa Kiswahili au lugha nyingine ya huko, yakaingia Kiingereza, yakachapishwa Marekani, yakanifikia mimi Nairobi kwa Kiingereza, kwenye simu yenye kobalti ya kwao. Manze, hiyo ni safari ndefu ya kumfikia jirani. Kila kituo njiani, kitu kidogo kilidondoka: utani, matusi, ile namna mtu anavyosema "Mungu anajua" akimaanisha kitu tofauti kabisa. Kinachobaki ni maumivu, kwa sababu maumivu ndiyo hutafsirika kwa urahisi.

*

Cha tano ndicho kifupi kuliko vyote kwenye mazungumzo yetu ya mtandaoni, yaani hakuna anayekitaja, na hapo ndipo nina ugomvi na wasomaji wenzangu. Mwaka 1995, Katama Mkangi alichapisha hapa Nairobi riwaya iitwayo *Walenisi*. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mhadhiri, mtu aliyewekwa kizuizini miaka ya 1980 wakati wa utawala wa Moi, na ambaye alisimama kugombea urais 1997 kabla ya kufariki 2004. Shujaa wake ni Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo na serikali dhalimu. Anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Hafi. Anajifunza kukiendesha chombo hicho cha mauti na kutua kwenye nchi ambako watu wanaishi kwa usawa, na nchi hiyo inaitwa Walenisi. Litamke polepole: wale ni sisi.

Simama kidogo hapo. Tumekuwa tukiulizana kwa nini Wakenya hawaandiki sai-fai, tukitoa mfano wa filamu fupi ya Wanuri Kahiu, *Pumzi*, ya 2009, kana kwamba kabla yake kulikuwa na jangwa. Na *Pumzi* yenyewe inajibu swali la vyombo vizuri sana: watu wake wanazalisha umeme kwa kufanya mazoezi kwenye mashine, jasho lao ndiyo stima. Lakini miaka kumi na minne kabla yake, mtu aliyejua kizuizi ni nini alikuwa ameshachukua chombo cha angani, kifaa pendwa cha sai-fai, akakigeuza kuwa kile kinachoweza kuwa chini ya dikteta, yaani seli. Kapteni wa Mkangi hatazami nyota. Kapteni wa Mkangi ni mfungwa, na anajifunza kuendesha kwa sababu asipojifunza atakufa. Mtu wa jikoni ameshika usukani.

Kitabu hakikosi dosari. Kuna sehemu wahusika wanahutubu badala ya kuongea, na ukifika huko utahisi uko kwenye mhadhara wa saa nane mchana baada ya chapati mbili. Jamii bora hufanya hivyo kwa waandishi wote. Hata Le Guin ana kurasa zake za mhadhara, ila yeye huzipitishia kwenye ugomvi wa wapenzi au kwenye njaa, ndiyo maana hatulali. Walenisi imepangwa vizuri mno. Nilitaka kuona kutu yake. Nilitaka Dzombo apangiwe zamu ya kusafisha choo na akasirike.

Lakini jina lile linafanya kazi ambayo vitabu vingine vinne vimeihangaikia. Le Guin alilazimika kubuni lugha nzima kwa ajili ya Anarres, lugha ambayo ndani yake neno "yangu" linakwepwa, ili aonyeshe watu wasiogawanyika. Mkangi alichukua maneno matatu ambayo mtoto wa darasa la kwanza anayajua, akayaunganisha. Wale ni sisi. Mchimbaji wa Kasulo, msafishaji wa data wa Nairobi, Efor mtumishi, Ana anayekosa usingizi. Hao ni wale, na wale ni sisi. Ukisoma Hao na Kara ukiwa na neno hilo mfukoni, unasoma tofauti. Huruma inapungua kidogo, na udugu unaongezeka, na hivi vitu viwili havifanani. Huruma hutoa sadaka na kuondoka. Ndugu hukaa akauliza, "Sasa tunafanyaje?"

*

Nikivipanga vitano hivi kwenye meza moja, naona pengo lenye umbo la kitabu. Chiang ana ulezi bila umaskini. Hao na Kara wana umaskini na jeraha, lakini mtu mzima, mwenye ucheshi na makosa na ndoto, anaonekana kwa vipande. Le Guin ana mfumo wote, ila mtumishi anapewa kurasa chache. Mkangi anamweka mfungwa kwenye usukani, lakini 1995 hakuna aliyejua kwamba kesho ingefunzwa kusoma na vijana wa Nairobi wakilipwa kwa saa. Riwaya ninayoitaka inasimuliwa na huyo kijana. Iko kwa Kiswahili, tena kile tunachokiongea, chenye doo na stima na "niko njiani" ilhali bado uko kitandani. Ndani yake kuna akili mnemba, na tunajua nani aliifundisha maneno ya kwanza, tunajua alikula nini siku hiyo na alimdanganya mamake nini kuhusu kazi yake.

Msinijibu kwamba wanahabari wataiandika. Wanahabari wamefanya yao, na hawawezi kuvuka mpaka mmoja. Wafanyakazi wengi wa kazi hizi hutiwa saini mikataba ya siri. Wakiulizwa walichoona, wanapaswa kunyamaza, na anayevunja ukimya anahatarisha kazi na amani yake. Mkataba wa aina hiyo unamfunga mtu asitaje kampuni, mteja, maandishi aliyosoma. Haumfungi asibuni sayari. Haumkatazi kuandika kuhusu msichana aliyeajiriwa kwenye chombo cha angani kusikiliza ndoto za abiria mia tatu usiku kucha na kuzichuja, moja moja, ili kapteni aamke akiwa na tabasamu. Kila aliyekaa kwenye kiti kile atajua ni nini kinachosemwa, na wakili yeyote atakayesoma ataona ni hadithi tu ya nyota.

Kwa hiyo kama uko nje ya zamu sasa hivi, na vyombo vimeshaoshwa, na una kalamu, mhusika wako ni huyo. Mpe jina.